Televisheni ifike hadi kitandani

BARAZANI
Na Mwanaidi Kheri

Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati hakuna nchi nyingine ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa na televisheni ya rangi. Wenzetu wa Bara walisubiri hadi mwaka 1994. Siku zile seti ilikuwa ya wote. Palipokuwa na televisheni ndipo watu walipokusanyika, wakatandika majamvi, wakatazama pamoja mpaka matangazo yafungwe. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo leo ameshapita sabini. Ni rika hilo tunalolikuta katika nyumba za wazee za Sebleni na Welezo hapa Unguja, na Limbani kule Pemba. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba televisheni kwa mzee ni anasa.

Kila Ramadhani wafadhili huzifikia nyumba za wazee, Bara na Visiwani. Huja na mchele, sabuni, mashuka, na mara nyingine televisheni kubwa ya bapa. Mungu awalipe. Lakini kinachofuata baada ya picha kupigwa kinaniumiza. Katika nyumba moja ya wazee niliyowahi kuitembelea, mbali na hapa, seti ilikuwa imetundikwa karibu na dari, ikitazamana na dirisha. Mchana huoni kitu ila mwangaza. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, shingo juu, wakisoma tangazo kwamba kifurushi kimekwisha. Rimoti ilikuwa imefungiwa kwenye mtoto wa meza ofisini, na mwenye ufunguo ametoka. Chumba cha tatu kutoka pale ukumbini alilala bibi asiyeweza kunyanyuka. Nilipomwamkia aliitika, halafu akaniuliza: "Mwanangu, leo mbona kimya? Habari hawasomi?" Kumbe siku zote alikuwa akisikiliza mvumo kupitia ukutani.

Huyo bibi ndiye ningependa tuanze naye tunapopanga. Anayeweza kutembea atafika ukumbini. Asiyeweza, televisheni imfuate alipo.

Ufundi wake haushindi uwezo wetu. Antena moja nzuri huwekwa juu ya paa, waya ukashuka hadi kwenye kiongeza nguvu, kutoka hapo ukaingia kwenye splita, kisha kila chumba kikapata soketi yake ukutani. Mawimbi hupungua kila yanapogawanywa. Ukigawa waya mmoja kuwa mbili, kila upande hupata pungufu ya nusu. Ndiyo maana kiongeza nguvu huwekwa kabla ya mgawanyo. Kikisahauliwa, vyumba vya mwisho hubaki na picha za vipande vipande. Kabla hata senti haijatumika, fundi apande na televisheni yenye kipokezi cha dijitali ndani yake ajaribu chaneli za bure za eneo lile. Zikikamata, nyumba haina haja ya king'amuzi wala kifurushi cha kila mwezi.

Dishi linafaa pia, ila king'amuzi kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati. Ukiunga vyumba kumi kwenye king'amuzi kimoja, vyote kumi vitatazama anachotaka mwenye rimoti. Nimeona hilo likiitwa mfumo wa pamoja. Hapo kilicho cha pamoja ni waya tu.

Sauti inahitaji uangalifu kuliko picha, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazomwezesha mtu kutenganisha "s" na "f". Ukifungulia televisheni mpaka mwisho unaongeza kelele, na maneno yanabaki vilevile, hayashikiki. Tena spika za seti za bapa mara nyingi zimeelekea nyuma au chini. Spika ndogo iliyosogezwa karibu na kiti husaidia sana. Vyumba vya wawili viwe na hedifoni, ili mmoja atazame na mwenziwe alale. Kwa wenye vifaa vya kusikilizia vinavyopokea mawimbi, upo waya maalumu unaozungushwa ukumbini na kuwapelekea sauti moja kwa moja sikioni.

Wenye maradhi ya usahaulifu wasiachwe siku nzima mbele ya habari za vita. Wengine hudhani mabomu yako nje ya mlango. Kuzima ni sehemu ya huduma.

Rimoti ikae kwa wakaazi. Wachague wenyewe watu wawili watatu wa kuisimamia, wapange visomo vya Ramadhani, misa ya Jumapili kwa Wakristo, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Simba na Yanga zikicheza watagombana, na wagombane. Mtu mzima ana haki ya kubishana juu ya mpira nyumbani kwake. ZBC nayo, mrithi wa Televisheni Zanzibar, iwatilie taarab za zamani kwenye flashi. Marehemu Bi Kidude akiimba humo atawaamsha watu ambao dawa hazijawaamsha.

Wapo wasemao mzee anamhitaji mtoto wake, hana haja ya kioo. Kweli kabisa. Lakini wengi wa waliomo katika nyumba hizi wamefika kwa sababu hawana wa kuwatazama. Kumnyima habari za nchi yake kwa hoja kwamba anastahili kitu bora zaidi ambacho hatumpi, huko ni kumdhulumu mara mbili.

Mei na Juni bajeti hujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Naomba waheshimiwa wawakilishi, fungu la wazee likifika mezani, waulize kama ndani yake mna fedha za waya, za fundi wa kurudi kila baada ya miezi kadhaa, na za umeme wa kulipia kabla, yaani TUKUZA. Na mfadhili aliyekwisha kukusudia seti moja ya inchi 65 kwa ajili ya ukumbi anunue mbili za inchi 32, azitundike usawa wa macho ya mtu aliyelala, katika vyumba vya wasioweza kunyanyuka. Fedha itakayobaki amlipe fundi wa antena.