Goma na Bukavu: Mama ndiye muuguzi wa kwanza wa jamaa, lakini nani anamtunza yeye?

Saa kumi na moja ya asubuhi, katika mitaa mingi ya Goma, bidoni za manjano zimekwisha kupangwa mstari. Mama aliyefika mapema hatafuti maji ya kupikia peke yake. Anajua kwamba maji hayo ndiyo yataamua kama wiki itapita salama, ao kama atalala na mtoto anayehara, bila franga za kumpeleka kwenye kituo cha afya. Kabla jua halijatoka, kazi yake ya afya imeanza. Hakuna anayeihesabu, na hakuna anayeilipa.

Tukizungumzia afya katika Kivu ya kaskazini na Kivu ya kusini, mara nyingi habari ni za vita, za waliojeruhiwa, za magonjwa ya kuambukiza na misaada inayokuja ao isiyokuja. Habari hizo ni za kweli. Lakini chini yake kuna habari nyingine isiyosikika sana: mzigo mkubwa wa afya unabebwa nyumbani, na mwanamke mmoja. Kila mara huduma ya serikali inapopungua, kazi hiyo haipotei. Inahamia kwenye mabega yake.

Maji yana bei yake

Mji wa Goma uko kando ya ziwa Kivu, lakini kupata maji safi ni masumbuko ya kila siku. Udongo wenyewe ni mawe ya volkano: kuchimba choo ni kazi ngumu na ya gharama, na mabomba hayafiki kila mahali. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 uliharibu sehemu ya mitambo ya maji. Halafu, mapigano ya mwezi wa kwanza mwaka 2025 yalipokata umeme, pampu zilisimama na wakaaji wengi wakarudi kuteka moja kwa moja ziwani.

Kipindupindu hakihitaji nafasi kubwa kuliko hiyo. Kwenye mahali pa kuteka maji pwani ya ziwa, kijana mwenye sindano ya klori anayetia dawa ndani ya kila bidoni ni kizuizi kikubwa dhidi ya ugonjwa huo. Siku ambayo msaada unakatika na kijana yule hayuko, mama anabaki na shauri moja: kuchemsha maji. Shauri ni zuri, lakini linataka makala, na makala yananunuliwa. Sufuria ya maji ya kunywa inashindana na sufuria ya maharagi juu ya babula moja. Kumwambia mama achemshe maji bila kuuliza atatoa wapi makala ni kumwachia hesabu isiyokamilika.

Homa ya usiku na hesabu ya asubuhi

Mtoto akipata homa usiku, mama anapiga hesabu ya namna tatu. Kuna pesa za pikipiki na za fishi? Usalama unaruhusu kutoka saa hii? Na kama akienda, nani atabaki na wengine?

Wanganga wanaosoma vifo vya wajawazito wanazungumzia kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kutunzwa baada ya kufika. Kwa mtoto mwenye malaria, njia ni ile ile. Mara nyingi mama analaumiwa kwa kuchelewa kwa kwanza, wakati alikawia kwa sababu alijua namna ya pili na ya tatu zinamngojea.

Ndiyo maana farmasi ya mtaa inatangulia hospitali. Pale dawa inauzwa kwa kadogo: vidonge viwili leo, viwili kesho kama franga zitapatikana. Lakini dawa ya malaria ya mchanganyiko inatakiwa kunywewa siku tatu kamili. Mtoto akipata nusu yake, homa inashuka, mama anashukuru Mungu, kisha ugonjwa unarudi na nguvu. Na kama homa ile haikuwa malaria bali mapafu, siku tatu zimepotea. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu na dakika chache tu. Mama anayefika kwanza kituoni akapima, anaweza kutumia pesa kidogo kuliko yule aliyenunua dawa tatu tofauti kwa kubahatisha. Lakini atafanya hivyo tu kama ana hakika kwamba mlango wa kituo hautafungwa mbele yake kwa kukosa franga za fishi.

Kuzaa, na deni la kuzaa

Mwezi wa 9 mwaka 2023, serikali ilizindua Kinshasa mpango wa materniti ya bure: kuzalisha, upasuaji na matunzo ya mtoto mchanga vilipwe na dola, kisha mpango uenee polepole katika mikoa mingine. Kwa nchi ambako uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulikadiria wanawake 846 wanaokufa kwa sababu ya mimba ao uzazi kwa kila watoto 100 000 wanaozaliwa hai, hatua hiyo si ndogo.

Lakini bure inahitaji mlipaji. Kwa miaka mingi, wauguzi wengi wa Kongo hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali, ao wanapata kidogo sana. Wanaishi kwa franga za mgonjwa. Mgonjwa asipolipa, na dola isiporudisha pesa kwa wakati, muuguzi naye anarudi nyumbani bila unga. Hapo ndipo inazaliwa desturi inayojulikana katika miji yetu yote: mama amejifungua salama, amepona, lakini anabaki amelala materniti wiki nzima ao zaidi kwa sababu ya deni, na deni linaongezeka kila siku anapolala. Nyumbani watoto wengine wanangojea. Wengine, kwa kuogopa aibu hiyo, wanachagua kuzalia nyumbani ao katika chumba cha maombi. Wanafika hospitalini damu ikiwa imekwisha kutoka nyingi.

Tangu Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, mnyororo huo wa malipo umezidi kudhoofika. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege pia ukafungwa. Katika wakati ule ule Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, misaada iliyokuwa inabeba dawa, chakula cha watoto na vifaa katika zone nyingi za afya. Mambo hayo mawili yalianguka juu ya nyumba ile ile, katika mwezi ule ule: baba amepoteza kazi, na kituo kilichokuwa kinatunza bure kimeanza kuomba pesa.

Tumbo likijaa, si kusema mtoto amekula

Masisi na Rutshuru ndizo ghala la Goma: maharagi, viazi, maziwa. Barabara ikifungwa, ao mkulima akikimbia shamba lake kabla ya mavuno, bei inapanda sokoni siku zile zile. Mama anarekebisha sahani bila kutangaza. Kwanza sambaza inapungua, kisha mafuta, kisha mlo wa mchana unafutwa. Bugali na sombe vinabaki. Mtoto anashiba, lakini hakui.

Uchunguzi ule wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa mia walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, alama ya utapiamlo wa muda mrefu. Utapiamlo wa namna hiyo haupigi kelele. Ule mkali unaonekana kwenye utepe wa rangi unaofungwa mkono wa mtoto: chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto anahitaji matunzo mara moja, kati ya 115 na 125 ni manjano, ni onyo. Katika mitaa mingi, mama wenyewe wamefundishwa kutumia utepe huo. Ni kifaa cha bei ndogo kinachomwezesha mama kujua mapema, kabla mwili wa mtoto haujavimba.

Hata katika umaskini kuna nafasi ya kusogea. Uji wa masoso, yaani mahindi, soja na mtama, unamjenga mtoto kuliko uji wa mihogo peke yake. Maziwa ya mama bila kitu kingine hadi miezi sita yanamkinga na maji machafu. Mtoto akihara, litre moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi inaweza kumshikilia hadi kufika kituoni. Maarifa hayo mama wengi wanayo. Kinachokosekana mara nyingi ni sukari, maji safi na wakati.

Mwili wa mama unahesabiwa mwisho

Katika jamaa nyingi, mama anakula baada ya wote na anajitibisha baada ya wote. Mimba zinafuatana, damu inapungua, kichwa kinauma na miguu inavimba, naye anasema ni uchovu. Lakini kwa mjamzito, kichwa kikali na uvimbe vinaweza kuwa alama ya tension inayopanda, ambayo inaua mama na mtoto ikiwa haikupimwa. Tangu mwaka 2016, Shirika la afya duniani linashauri mjamzito aonane na muuguzi walau mara nane. Kwa mama anayebeba mizigo sokoni ili watoto wale jioni, kila siku ya kupimisha mimba ni siku moja bila faida. Ndiyo maana wengi wanakuja mara ya kwanza tumbo likiwa limekwisha kuonekana na mtaa mzima.

Kuna pia maumivu yasiyopimwa kwa mashine. Wanawake waliokimbia mara mbili, mara tatu, waliozika watoto njiani, waliotendewa vibaya na watu wenye silaha, wanarudi kupika na kufua kama hakuna kilichotokea. Huduma za moyo na akili ni chache sana kwa idadi yao. Mama asiyelala usiku hawezi kukumbuka tarehe ya chanjo ya miezi tisa. Jirani wanasema ni uzembe, kumbe ni ugonjwa.

Kinachoweza kufanyika bila kungojea amani

Amani ndiyo dawa ya kwanza, hakuna anayebisha. Lakini mambo mengine hayangoji mazungumzo yaishe. La kwanza ni kumaliza desturi ya kuwafungia mama materniti kwa deni. Deni linaweza kuandikwa na kulipwa kidogo kidogo. Mama aliyezuiliwa hawezi kutafuta pesa ya kulilipa.

La pili liko mikononi mwa mama tayari. Katika vikundi vya AVEC, wanawake wanaweka akiba kila wiki ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na kando yake kuna mfuko wa kusaidiana. Kikundi kinachokubaliana kwamba sehemu ya mfuko huo ni ya pikipiki ya usiku na ya uzazi kinafupisha kuchelewa kwa kwanza na kwa pili. Kituo cha afya kinachoandikiana mkataba na vikundi hivyo kinafupisha kuchelewa kwa tatu.

La tatu linawahusu wanaume. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 haimlazimishi tena mke kuomba ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya kisheria. Nyumbani, hata hivyo, mtoto anangojea bado baba arudi ndipo apelekwe hospitalini. Neno moja la baba, lililosemwa mapema, kwamba mama asingoje ruhusa mtoto akichoma na homa, halina gharama yoyote.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2006 kinahakikisha haki ya afya na ya chakula, na cha 48 kinataja maji safi. Mama wa Goma ao Bukavu anayepanga bidoni yake gizani hajasoma vifungu hivyo, lakini yeye ndiye anayevitekeleza kila siku, mahali pa wale walioviandika. Nguvu zake si kisima kisichokauka. Siku atakapoanguka yeye, katika nyumba nyingi hakuna muuguzi wa pili.