Mpini Huvunjika Penye Mshazari

Mpini wa jembe una tabia ya kuvunjika wakati ambapo mkulima hawezi kungoja. Huko Ntobeye, wilayani Ngara, kama kwingineko mkoani Kagera, kazi ngumu huanza mvua za vuli zinaponyesha, na siku mbili tatu zikipotea maharage yamekwisha kuchelewa. Basi mwenye jembe huchukua panga, akakata mti ulio karibu, akauchonga asubuhi na kuulimia jioni. Mpini huo ukivunjika kabla ya mavuno, lawama zote hutupiwa mti: mkaratusi haufai, mgrevilea ni dhaifu, miti ya wazee imekwisha.

Lalamiko hilo lina chanzo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco. Wengine wengi walifuata. Umati wa namna hiyo hauwezi kupika wala kujenga bila kukata miti, na mapori yaliyozunguka kambi yalikwisha upesi. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejea kwao Desemba 1996, lakini mkole au mlama wa kutosha mpini hauoti kwa msimu mmoja. Kwa hiyo miti ya kupandwa, yaani mikaratusi, migrevilea na misonobari, imekuwa tegemeo katika mambo ambayo zamani pori liliyatosheleza.

Hata hivyo, si haki kudhani kwamba jina la mti huamua yote. Ni kweli kwamba miti hutofautiana. Mpingo huzama majini, msonobari mkavu huelea, na kwa kawaida mti mzito una nguvu kuliko mwepesi. Lakini mpini wa mpingo ungemchosha mkulima kabla ya saa nne asubuhi. Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba ukakamavu wa fito ya mviringo hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake. Kipenyo kikiongezwa kwa sehemu moja tu ya kumi, ukakamavu huongezeka kwa asilimia 46. Mchongaji mwenye haraka anayepunguza mpini kupita kiasi, ili tu upite kwenye tundu la jembe, hupoteza nguvu nyingi kwa makapi machache, kisha huulaumu mkaratusi.

Jambo kubwa kuliko hilo ni mwelekeo wa nyuzi. Mti umejengwa kwa nyuzi ndefu zilizoshikamana, zenye nguvu nyingi kwa urefu na nguvu haba sana ubavuni. Ndiyo maana shoka hupasua gogo kavu kwa pigo moja, lakini halilikati kwa mapigo kumi. Nyuzi zikilala mshazari ndani ya mpini, nguvu hushuka kwa kasi. Maabara ya Mazao ya Misitu iliyoko Madison, Marekani, imechapisha vipimo vinavyostahili kubandikwa ukutani katika kila karakana ya shule. Nyuzi zikiinama sentimita 1 katika kila sentimita 10 za urefu, uwezo wa mti kuhimili pigo la ghafla hubaki asilimia 62 tu. Zikiinama sentimita 1 katika kila sentimita 5, hubaki asilimia 36. Na jembe ni chombo cha pigo la ghafla, hasa linapokutana na jiwe.

Wachezaji wa snuka wa Uingereza wamelijua jambo hili siku nyingi. Fimbo yao, ambayo ncha yake haizidi milimita 10 hivi, ikivunjika au kupinda, mtengenezaji hutafuta kipande kipya cha mti uitwao Fraxinus excelsior, au Acer saccharum wa Marekani. Haishii kwenye jina. Hukiinua kipande machoni na kukitazama kwa urefu wote, akikataa kila kimoja ambacho mistari yake inatoroka pembeni. Huo Fraxinus ndio pia mti wa mipini ya shoka na majembe ya Ulaya, na wenyewe sasa uko taabuni, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 unauawa na kuvu. Anayedhani kwamba uhaba wa miti ya mipini ni msiba wa Ngara peke yake hana habari.

Namna ya kupata kipande huamua mengi. Msumeno haujali nyuzi. Hukata ulipoelekezwa, na mpini wa msumeno unaouzwa dukani, hata ukipendeza kwa randa, huenda nyuzi zake zimekatwa njiani. Fito nzima ya mti mchanga ina nyuzi zisizokatwa, lakini moyo wake umo ndani, na sehemu hiyo ya katikati ni dhaifu. Tena mti ukikauka husinyaa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyo, hivyo fito nzima aghalabu hupata ufa. Kilicho bora ni kipande kilichopasuliwa kwa kabari kutoka gogo nene, maana ufa wa kabari hufuata nyuzi wenyewe. Gogo likipasuka kwa kuzunguka kama kamba iliyosokotwa, na mikaratusi mingi hufanya hivyo, liachiwe jiko.

Kisha mpini ukaushwe kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa rangi ili zisipasuke, na upimwe kila juma mpaka uzito uache kupungua. Mpini mbichi uliokazwa kwenye tundu husinyaa humo humo, jembe likalegea; na jembe linalochomoka hewani halichagui mguu wa kuangukia.

Inashangaza kwamba wanafunzi wa sekondari hujifunza kanuni ya Hooke kwa springi za chuma, ilhali nje ya dirisha kuna mkaratusi. Shule iliyoko Ngara yaweza kuandaa fito zenye kipenyo cha sentimita 2, nyingine za nyuzi zilizonyooka na nyingine za mshazari, zote za mti mmoja. Fito iwekwe juu ya egemeo mbili zilizoachana mita 1, na ndoo yenye lita 5 za maji ining'inizwe katikati, karibu na ardhi. Mti wa kawaida utanepa karibu sentimita 1. Baada ya hapo maji yaongezwe lita moja moja, na wanafunzi waandike ni fito ipi iliyokatika, kwa lita ngapi, na ufa ulianzia wapi.