Kikao cha Maoni Kisipite Bila Wewe

Ndugu zangu wa Taita Taveta, Kitui, Tana River na popote ndovu wanapopita nyuma ya nyumba,

Kila sheria ya wanyamapori inapofanyiwa marekebisho, swali la uwindaji hufufuka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara kama ngozi na pembe. Mjadala haukufa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao wengi walihofia ungefungua tena mlango wa bunduki; Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini.

Maswali bado ni yale yale. Wenye ranchi waruhusiwe kuvuna swala na punda milia wauze nyama? Aliyenaswa na digidigi mmoja wa kitoweo ahukumiwe kama jangili wa pembe? Nani atahesabu wanyama kabla kibali hakijatolewa? Msimamo wangu nitausema katika kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu rasimu ya sheria. Nawe njoo useme wako.

Niliwahi kuketi katika kikao kama hicho chini ya mwarobaini. Rasimu ilisomwa kwa Kiingereza. Nyuma alikaa mzee mmoja aliyewinda ujanani, fimbo yake magotini, kimya. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo akanionyesha mahali mitego ya waya hutegwa, kando ya vijia vya kwenda kisimani, na upande ambao pofu huelekea mvua ikichelewa. Karani hakuandika hata neno moja la hayo. Hakuna aliyemwuliza mzee, nami niliyeketi karibu naye sikumsihi ainue mkono. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria za ukoloni, zilizotungwa na wasiokilalia kitanda hicho, ziliwageuza Wawaata, waliowinda ndovu kwa pinde vizazi kwa vizazi, kuwa majangili katika ardhi ya babu zao. Leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali iwahimize wananchi kushiriki katika kuyatunza mazingira. Haki hiyo tuitumie.

Tangazo la kikao likitoka, itafute rasimu mapema. Mwombe kijana wa sekondari akufasirie vifungu vinavyogusa kwenu. Kisha andika ukurasa mmoja: kifungu kipi, mnyama gani, mahali gani, miezi ipi, na ungependa kisomekeje. "Ndovu wametuchosha" ni kilio cha haki, ila karani hawezi kukigeuza kuwa kanuni. "Ndovu huvunja ua wa shule mahindi yakikomaa, atakayepewa kibali asizibe njia yao ya maji" ni hoja, na hoja huweza kuandikwa. Weka nakala, ili siku sheria itakapotoka ujue sauti yako iliishia wapi.

Wanawake wanaochota maji alfajiri, wachungaji, vijana wanaolinda mashamba usiku kwa tochi na madebe: ninyi ndio mashahidi. Msiwaachie wengine kalamu.

Yule mzee nimemwahidi kwamba kikao kijacho nitamfuata kwake asubuhi, daftari mkononi. Akiinua mkono, nitaandika kila atakalosema. Na wewe, utamfuata nani?