Bibi Titi Mohamed na somo la uraia tuliloliacha

Na Ustadha wa darasa la Fiqhi



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, nitaanza na jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji katika kijiji kimoja cha huku kwetu Mungaa, ambacho sitakitaja. Wanaume walikuwa mbele kwenye mabenchi, sisi kina mama tulikuwa nyuma, tumetandika khanga chini ya mti. Ukatangazwa mchango wa ujenzi. Mama mmoja, mjane, ambaye watoto wake wawili wanasoma hapa madrasani, akasimama akauliza fedha zilizochangwa mwaka uliotangulia zimefanya nini. Akajibiwa, "Mama, kaa chini, hayo mambo yana wenyewe." Akakaa. Watu wakacheka kidogo, mkutano ukaendelea.

Mimi nilijua kwamba yule mama alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hayo nimeyasoma. Nikanyamaza.

Siku ya pili yake mtoto wake mkubwa akaniuliza darasani, "Ustadha, mama alikosea?" Tulikuwa katikati ya somo la mirathi, tukigawa mafungu ubaoni. Nikamwambia tumalize kwanza somo. Mpaka leo sijalipenda jibu langu lile, na ndiyo maana wahariri waliponiomba niandike kuhusu Muislamu mmoja wa nchi yetu ambaye wanafunzi wajifunze kwake, nilimchagua Bibi Titi Mohamed, Allah amrehemu.

Wengi wenu mnalijua jina hili kwa sababu ya barabara. Aliyefika Dar es Salaam amepita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, pale karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, kwenye magari mengi na joto. Ukiwauliza vijana waliomo ndani ya daladala huyu Bibi Titi alikuwa nani, watakuambia, "Alipigania uhuru." Jibu ni sahihi, lakini halisemi alipigania kwa namna gani, na mimi naona namna yenyewe ndiyo yenye faida kwetu. Hakubeba bunduki wala hakwenda kusoma sheria Ulaya. Aliwafundisha watu, hasa wanawake wenzake, kwamba nchi ni yao. Siku hizi kazi hiyo inaitwa elimu ya uraia.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kama ninyi, alianzia chuoni, akasoma Qur'an. Kisha akasoma shule ya wasichana kwa miaka michache tu, maana zama zile wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka mabinti zao shule za serikali. Akaolewa angali mdogo sana, umri wa miaka kumi na minne hivi. Alijulikana mjini kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha kina mama kilichoitwa Bomba.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama hiki wako wapi. Viongozi wakasema wapo. Mgeni akataka kuwaona! Hapo ndipo Schneider Plantan alipokwenda kwa Bwana Boi Suleiman, mume wa Bibi Titi, kuzungumza naye ili mkewe aingie katika kazi hiyo. Mume na mke wote wawili wakakata kadi, na ya Bibi Titi ilikuwa namba 16.

Tazameni sasa alivyofanya, maana hapa ndipo penye somo. Hakuanza kwa kuitisha mkutano mpya wa watu asiowajua. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake aliokuwa akikutana nao kwenye harusi na shughuli, akawaomba waite watu wao. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na hao walisikilizwa. Kina mama wale walikuwa wanajua kuchangishana fedha, kutunza hesabu, kupeana habari mtaa kwa mtaa, kusimama na mwenzao aliyefiwa. Walichokuwa hawajaambiwa ni kwamba elimu hiyohiyo inatosha kuendeshea nchi. Kufikia Oktoba 1955, kwa masimulizi yaliyohifadhiwa, wanawake waliojiunga walikuwa wamefika kama 5,000. Mtafiti Mmarekani Susan Geiger aliwahoji Bibi Titi na wenzake wengi, akatoa kitabu mwaka 1997 kiitwacho TANU Women. Bila ya kazi ile, mengi ya haya yangekufa na wenyewe.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Uchaguzi wa kwanza ulipofanyika mwaka 1958 na 1959, si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Serikali ya kikoloni iliweka masharti ya elimu, kipato au cheo. Kwa hiyo wengi katika wanawake waliouza kadi, waliopika kwenye mikutano na kuwaficha viongozi mvua na jua, siku ya kura hawakuwamo. Hawakuacha kazi kwa sababu hiyo. Mimi hujiuliza, leo ni nani kati yetu angefanya kazi ya chama au ya kijiji miaka mitatu, kisha aambiwe haki ya kuchagua ni ya wenzake, na asubuhi yake aendelee?

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Akawa mbunge, akawa waziri mdogo. Mwaka 1965, katika uchaguzi ambao kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, akashindwa kiti chake cha Rufiji. Wapiga kura aliowafundisha kwamba kura ni yao waliitumia kumtoa yeye. Sijui mwalimu gani mwingine amepewa mtihani kama huo.

Yaliyofuata ni machungu na sitayaficha kwa sababu ninyi ni watoto. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, viongozi walikatazwa kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana na jambo hilo, akajiuzulu uongozi. Oktoba 1969 akakamatwa kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Katika kesi iliyosikilizwa mwaka 1970 alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa washtakiwa, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana mpaka mwisho. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe, akatoka, akaishi kimya miaka mingi bila kutajwa. Inashangaza kwamba mwaka huohuo wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vikundi vya redio nchi nzima vikasikiliza kipindi cha Uchaguzi ni Wako, huku aliyewafundisha kina mama somo hilo miaka kumi na mitano kabla yumo mahabusu. Katika miaka ya mwisho aliheshimiwa tena. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun.

Wapo watakaosema kwamba alikosea mwaka 1967, na wapo watakaosema alionewa. Jarida hili si mahakama. Ninachosema ni kwamba mtu akianguka katika siasa, kazi yake ya ualimu haianguki naye, na sisi tumeiacha ianguke.

Turudi Mungaa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema kwamba kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Si mwalikwa, ni mjumbe. Mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Kwa hiyo yule mama aliyeambiwa akae chini alikuwa akiwauliza watumishi wake habari za fedha yake. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao lazima wawe wanawake. Haya hayakuandikwa kwa siri, ila nani amewasomea kina mama wetu?

Na ardhi je? Hapa ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu ni somo langu mwenyewe. Wanafunzi wa darasa la Fiqhi wote mnajua kwamba mjane aliyeachiwa watoto na mumewe ana thumni, na kama mume hakuacha mtoto ana robo. Mnaweza kuigawa shamba la alizeti ubaoni mpaka futi ya mwisho. Kisha mzee anafariki kweli, ndugu wanakaa, na mjane anaambiwa kwamba kwa mila za ukoo mwanamke harithi ardhi, arudi kwao. Fungu aliloandikiwa na Allah (S.W.) linabaki ubaoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kuna baraza la ardhi la kijiji la wajumbe saba, na kati yao watatu wawe wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Mirathi yenyewe inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na huko huweza kuamuliwa kwa sheria ya Kiislamu ikithibitika marehemu aliishi kwa dini hiyo. Mjane asiyejua mlango wa kugonga atasaidiwa nini na thumni yetu?

Baadhi ya wazee wetu, ambao nawaheshimu sana, wameniambia kwamba madrasa ni mahali pa dini, mambo ya kijiji yaachiwe shule na serikali. Nawaelewa. Wanaogopa siasa za vyama zisije zikaingia msikitini, na hofu hiyo ina msingi, tumeona sehemu nyingine waumini wakigawanyika kwa ajili ya kofia na fulana. Lakini kumweleza mtu kwamba mkutano wa kijiji ni wa kila miezi mitatu si kumpigia kampeni mtu yeyote. Na dini yetu haikuwanyamazisha wanaouliza. Yuko Bi Khawla bint Tha'laba (R.A.), aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kuhusu mumewe, na malalamiko yake yakateremshiwa sura ya 58, ambayo mnaihifadhi hapahapa na jina lake, Al-Mujadila, linatokana na mwanamke huyo aliyejadiliana. Hakuambiwa akae chini.

Wengine wanasema kina mama wa huku wana haya, hawawezi kusema mbele za watu. Hilo silikubali. Njooni muwasikilize kwenye kikoba siku mtu akichelewesha marejesho! Njooni kwenye mazoezi ya qaswida wakati wa kuandaa maulidi, muone nani anapanga chakula cha watu mia tatu, nani anashika daftari la michango, nani anamkemea aliyechangia pungufu. Bibi Titi angeingia katika kundi lile leo angejiona yuko nyumbani, ingawa ngoma yenyewe ni nyingine.

Kwa hiyo nimeliomba jambo hili kwa kamati ya madrasa, na naliandika hapa ili wazazi nao walijue. Darasa la Fiqhi, tukimaliza mirathi, tutumie saa moja kila wiki kwa muhula mmoja kujifunza kijiji kinaendeshwaje: mkutano mkuu, halmashauri, baraza la ardhi, risiti ya mchango, taarifa ya mapato na matumizi. Wavulana na wasichana pamoja, kwa sababu aliyecheka siku ile naye alikuwa mtoto wa madrasa zamani. Kila mwanafunzi aende akamweleze mama yake na bibi yake alichojifunza, kwa Kinyaturu kama Kiswahili kinawapa taabu. Kamati haijajibu. Mjumbe mmoja amesema tuanze na mirathi tu, mengine tutaona. Nimekubali, ingawa namjua "tutaona" wa kwetu anachukua misimu mingapi.

Yule mjane bado anaishi kijiji kilekile, na mwanawe mkubwa mwaka huu yuko darasa la mwisho. Juzi nilimwita nikamjibu swali lake. Nikamwambia mama yake hakukosea, aliyekosea ni mimi niliyekaa kimya pembeni yake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mkutano mwingine ni lini. Ni baada ya kuvuna alizeti, insha'Allah. Nimemwahidi kwamba mimi na kina mama wa qaswida tutatandika khanga zetu mbele, na kwamba swali la mchango ule litaulizwa tena, safari hii na mimi.

Wabillahi tawfiq.