Bei ya mwisho, na ile inayobaki mkononi



Juma hili nilitaka kuandika juu ya watoto wanaochelewa kujua kusoma, lakini kuna mama mmoja wa Kampemba aliyenisimamisha kisha mkutano wetu wa Jumamosi. Anauzisha nyumba. Komisioneri amemwambia: "Mama, niambie bei yako ya mwisho, mimi nitatafuta mteja." Akaniuliza: "Mwalimu, nimwambie ngapi?" Nilimjibu asimwambie kitu kwanza. Hakuridhika, na ana haki, maana jibu la namna hiyo halisaidii mtu. Basi namjibu hapa kwa urefu, kwa kuwa wengi wetu tutapita njia hiyo siku moja, ikiwa ni kwa urithi, kwa kuhama, ao kwa ugonjwa.

Nianze na kosa letu sisi wenyewe.

Papa alipofariki alituachia nyumba kule Katuba: matofali ya kuchoma, mabati, vyumba vitatu, na aneksi mbili nyuma zenye wapangaji. Mama alikuwa amekwisha kwenda kukaa kwa yaya yangu Likasi kwa sababu ya macho yake. Tuko watoto wanne. Tulipatana tuuzishe, tutoe kwanza feza za operesheni ya Mama, kinachobaki tugawane. Komisioneri wetu alikuwa kijana mwenye heshima, mwenye kuongea polepole. Aliuliza swali moja tu: "Mama, wewe unataka ngapi mkononi? Usijisumbue na mambo ya asilimia. Yenye kuzidi itakuwa ya kwangu, ya maji." Mama alifurahi. Hakuna kukata, hakuna hesabu. Akasema dola 15.000.

Tena tulikuwa na tundu lingine tusilolijua. Komisioneri alimpigia telefone mdogo wangu aliye Kolwezi, akimsalimia tu. Mdogo wangu, kwa roho safi, akamwambia: "Hata 14.000 tutakubali, Mama anangoja operesheni." Tangu siku ile kila mteja aliyeletwa alisema 14.000, hata mmoja hakukosea. Tulidhani ndiyo bei ya Katuba! Tuligombana juma tatu nzima ili kurudi kwenye 15.000, na tuliporudi tulijiona washindi.

Yule aliyenunua hatukuongea naye hata dakika kumi. Siku ya kutia sahihi komisioneri alikuwa katikati, anabeba karatasi huku na huku. Kwenye hati ya mauzo waliandika 15.000. Mteja alikubali kwa sababu aliambiwa bei ndogo kwenye karatasi itapunguza feza za kubadilisha jina kwenye ofisi ya ardhi.

Mwaka uliofuata mtoto wa bwana yule aliingia katika darasa langu. Siku ya mkutano wa wazazi aliniambia kwa kucheka: "Mwalimu, ninyi ni wakali. Ile nyumba yenu nimeilipa 19.000, na hamkushuka hata kidogo." Nilibaki nimesimama na chaki mkononi. Dola 4.000, dada zangu! Kwangu mimi mwalimu hiyo ni karibu mshahara wa miaka miwili. Na hatukuwa na mahali pa kushitaki. Tungesema nini? Kijana hakuvunja mlango. Mama ndiye alimwambia kwamba yenye kuzidi ni yake.

Mama anayeuzisha unga kwenye soko la Kenya hamwambii mteja: "Meka hii ni bei fulani, lakini nikikazwa nitashuka mpaka hapa." Wala hamwambii yule kijana wa kusukuma pusipusi. Lakini kwa nyumba, kitu kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo, tunamfungulia mtu wa tatu tumbo lote: kiasi cha chini tunachoweza kukubali, deni la hospitali, siku ya kulipa minervali. Akikwisha kujua hayo, bei imekwisha kupatikana, na si wewe uliyeipata.

Sisemi makomisioneri wote ni waongo. Wako wanaofanya kazi ya kweli: wanatembea juani, wanaleta watu ambao sisi tusingewajua. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami, kama darasani. Komisioneri mwenye asilimia 5, nyumba ikienda kwa 20.000, anapata 1.000. Ikienda kwa 19.000, anapata 950. Wewe umepoteza dola 1.000, yeye amepoteza 50. Kwa dola 50 hatarudi kwako mara sita, wala hatamkasirisha mteja. Atakuja kukusihi ukubali leo. Si ubaya wa roho, ni hesabu tu, na mtu anaweza kuigeuza hesabu hiyo.

Aliyenionyesha namna ya kuigeuza ni mama mmoja wa kikundi chetu cha Ruashi, aliyeuzisha nyumba yao mwaka huu kwa sababu bwana wake amehamishwa kazi. Ameniruhusu kueleza yote isipokuwa jina lake.

Yeye, kabla ya kumwita komisioneri yeyote, alizunguka avenyu yao na mbili za jirani, akauliza nani ameuzisha karibuni na alipokea ngapi. Wengine walimdanganya, alijua. Lakini alipoulizia kwa wauzaji na tena kwa wanunuzi, alipata picha: kati ya 19.000 na 21.000. Yeye na bwana wake wakapatana chumbani kwamba hawatashuka chini ya 19.500, na kwamba hata wakwe hawataambiwa. Msemaji atakuwa mmoja, ndiye mama. Bwana akiulizwa, jibu ni "muulizeni mwenye nyumba".

Komisioneri alitaka asilimia 10. Mama akasema 5. Kisha akaongeza neno ambalo mimi, pamoja na diploma yangu, nisingelifikiri: "Mpaka 20.000 nakupa 5. Lakini kila dola utakayopitisha juu ya 20.000, nakupa 10 kwa mia." Sasa kijana alikuwa na sababu ya kuvuta upande wake. Wakaandika karatasi moja tu, wakatia sahihi wote wawili mbele ya shahidi: asilimia hizo zinahesabiwa juu ya bei mteja anayolipa kweli, komisioneri analipwa siku ile mwenye nyumba anapopokea, na mteja ataongea uso kwa uso na wenye nyumba. Neno "mkononi" halikuwemo. Tena alimpa yeye peke yake kazi hiyo kwa miezi miwili. Maana nyumba ikibebwa na makomisioneri watano, kila mmoja anashusha bei ili mteja asiende kwa mwenzake.

Walitangaza 23.000. Mteja akaja, akatazama, akaanza kuhesabu makosa: choo ni cha zamani, jirani ana baa, ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa. Ufa ulikuwa umekwisha kuzibwa. Akauliza deni la umeme na maji, ili akate. Mama akatoa risiti zote za SNEL na REGIDESO kwenye bahasha. Mteja akasema 17.000, akagonga mfuko wa koti: "Feza ziko hapa, leo leo." Mama hakutaja hesabu. Aliuliza kama atakunywa chai.

Tazameni namna alivyoshuka katika siku tisa: kutoka 23.000 mpaka 21.800, kisha 21.000, kisha 20.600. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko ile ya mbele, na mteja aliona mwenyewe kwamba chini kuko karibu. Mtu anayeshuka 1.000, halafu tena 1.000, anamfundisha mteja kungojea ya tatu. Tena hakushuka bure. Kwa hatua ya pili aliomba feza za kubadilisha jina ziwe za mnunuzi. Kwa ya tatu aliomba wabaki ndani mpaka mwisho wa mwaka wa shule, watoto wamalize mitihani. Walimaliza kwa 20.500. Komisioneri alipata 1.050, na akafurahi. Kwao zikabaki 19.450.

Mnaona, ni 50 chini ya mpaka wao wa chumbani. Nilimuuliza kama hilo halikumuuma. Akajibu kwamba walisahau kutoa ya komisioneri walipokuwa wanapanga mpaka, lakini hakuona vema kumfukuza mteja wa kweli kwa dola 50. Nami naona alifanya vizuri. Ila ninyi, mkipanga, toeni ya komisioneri kwanza.

Kuhusu karatasi nitakwenda mbio. Kwa nyumba ya mume na mke, sheria ya jamaa, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka wote wawili wakubali. Kwa nyumba ya urithi, warithi wote. Hili ni jambo la bei pia: mteja akigundua katikati ya maongezi kwamba sahihi ya mmoja haipo, atakata kwa ajili ya hatari hiyo, au atakukimbia. Wenye sertifika watapata bei nzuri kuliko sisi tuliobaki na livre ya lojeri ya wazee wetu, hilo tulijue kabla ya kutaja hesabu. Na kwenye hati iandikwe bei ya kweli. Ukiandika 15.000 na mteja akabaki na deni la sehemu nyingine, utamdai na karatasi gani? Sisi bei ile ndogo ndiyo iliyotufunika macho.

Halafu dola zenyewe. Mama wa Ruashi alipokelea banki, kwenye mashine ya kuhesabia. Noti kumi na moja zilikataliwa, zenye kupasuka kidogo na zile za kichwa kidogo, na mteja alizibadilisha pale pale. Angezipokea nyumbani, angezipeleka kwa wabadilishaji wa barabarani nao wangekata. Hapo ndipo bei ya mwisho inashuka tena, kisha wewe kudhani umekwisha. Funguo alizitoa feza zilipotimia, si mbele.

Sasa, mama wa Kampemba. Komisioneri wako akirudi Jumatano na swali lile, usimpe hesabu yako. Muulize yeye: kwenye kartiye yako nyumba ya mwisho aliyouzisha ilikwenda ngapi, mnunuzi alitoa ngapi, na mwenye nyumba alibaki na ngapi? Kama hesabu mbili hizo anazisema bila kuangalia pembeni, mwekee karatasi mezani mwanze kuongea asilimia. Na Jumapili, kwenye ibada, ukikutana na dada ya bwana wako anayependa kuuliza mambo, mwambie nyumba bado mnafikiri. Uniletee jibu la komisioneri Jumamosi, nitafika mapema.