Mtaji Uliolala Rafuni

Katika masoko yaliyopangana kandokando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, Butali ni mojawapo ambamo mtu akiisha kupokea kiinua mgongo chake, au akiuza kipande cha shamba, aghalabu fikira zake huzunguka katika mambo matatu: kununua pikipiki akampa kijana aiendeshe, kufungua kibanda cha M-Pesa, au kufungua duka la spea. Hili la tatu ndilo nitakalo kulizungumza, kwa kuwa lina faida njema kwa alijuaye na hasara ya kimyakimya kwa asiyelijua. Na kinyume cha dhana iliyoenea, sioni kwamba faida yake hutokana na wingi wa vitu vilivyojazwa rafuni, bali naona hutokana na upesi wa vitu hivyo kutoka.

Butali huishi kwa miwa. Kiwanda cha sukari kiitwacho kwa jina la mji kipo hapo, na kile cha West Kenya, ambacho watu wengi hukiita Kabras tu, hakiko mbali. Basi mchana na usiku trekta hupita zikivuta trela zilizoelemewa, malori hungoja zamu ya mizani, na vyombo hivi vyote huvunjika, maana barabara za mashambani wakati wa mvua hazina huruma na chuma. Pamoja na hivyo ziko pikipiki za bodaboda, ambazo tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo zisizozidi cc 250 mwaka 2008 zimeenea mpaka hakuna kijiji kisicho na steji yake. Kisha yako magari madogo, na miongoni mwayo Toyota Probox, ambayo hubeba abiria, maziwa, saruji na kuku katika safari moja. Mwenye duka akisimama kando ya barabara kutwa nzima, huku akiandika aina ya kila chombo kipitacho, atakuwa amejipatia elimu ya biashara yake ambayo hakuna mshauri awezaye kumuuzia.

Walakini wengi hawaandiki. Huenda Nairobi wakaingia Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, na huko muuzaji wa jumla mwenye ulimi wa asali huwajazia katoni za kila namna, pamoja na zile zilizomkalia yeye mwenyewe miaka mingi. Tuifanye hesabu. Seti ya cheni na spoketi ya pikipiki aina ya Boxer, tuseme, imenunuliwa kwa shilingi 1,000 ikauzwa 1,200, na kwa kuwa pikipiki ni nyingi na matope ni mengi, inauzwa na kununuliwa nyingine kila baada ya wiki mbili: kwa mwaka mmoja shilingi 1,000 zile zile zimezunguka mara 26, zikaleta faida ya shilingi 5,200. Kando yake kuna kifaa cha giaboksi ya gari lisilopita Butali ila kwa bahati, nacho kimenunuliwa kwa shilingi 1,000 kikauzwa 1,800 baada ya miaka miwili. Mwenye duka atakisifu hiki cha pili mbele ya rafiki zake, kwa maana kimempa shilingi 800 kwa mpigo, ilhali ndicho kilichomfukarisha. Rafu iliyojaa vitu vya namna hiyo hupendeza macho ya mpita njia, na mwenye duka akiona vumbi limezishika katoni, hudhani ana mali.

Nimesikia hoja ya wapinzani wa rai hii, nayo si hoja dhaifu: ya kwamba mteja akikosa kitu mara moja ataondoka kwenda Kakamega mjini au Webuye, na akishaizoea njia hiyo hatarudi. Jawabu langu ni kwamba mteja huyo hazuiliwi na rafu, huzuiliwa na ahadi iliyotimizwa. Leo mwenye duka apigaye simu Nairobi mchana, akatuma picha ya kifaa kilichovunjika pamoja na namba iliyochongwa juu yake, akalipa kwa M-Pesa, aweza kupelekewa kifurushi kwa basi la usiku, na asubuhi fundi akaendelea na kazi yake. Kinachotakiwa ni kuchukua arubuni ya mteja kabla ya kuagiza, na kuijua namba ya kifaa kwa yakini, kwa sababu beringi mbili zaweza kufanana kwa jicho zikapishana kwa milimita chache, na kosa hilo hulipwa na duka. Kwa hiyo vitu vya kuwekwa akiba ni vile ambavyo kukosekana kwake humsimamishia mtu riziki saa ile ile: plagi, kebo ya klachi, tyubu, pedi na viatu vya breki, bulbu, mikanda ya feni, oili na filta zake, boljointi za Probox, na kwa upande wa miwa, beringi za magurudumu ya trela na mipira ya haidroliki. Vilivyosalia na viagizwe.

Nimeitaja miwa, na hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, nao ni deni. Mwenye trekta hulipwa baada ya kazi, na malipo hayo hutegemea kiwanda, mkandarasi na msimu, hali ya kuwa trekta yake huvunjika leo. Huja dukani kwa heshima, humwita mwenye duka mzee au mama hata kama ni mdogo kwake, akachukua mali ya shilingi elfu kadhaa kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Si mlaghai, ahadi yake hutoka moyoni. Lakini mwezi wa Julai 2023 serikali iliamuru viwanda visimame kusaga kwa muda wa miezi minne hivi ili miwa michanga ipate kukomaa, na mwezi wa Julai 2025 amri kama hiyo ikavirudia viwanda vya magharibi. Trekta zikalala, na madeni yakalala nazo. Mmea unaokaa ardhini karibu miezi 18 kabla ya kuvunwa hauwezi kuharakishwa kwa sababu ya daftari la dukani. Sisemi deni likatazwe kabisa, kwa maana katika mji ambao kila mtu ni shemeji au mjomba wa mwingine, katazo hilo halitekelezeki. Nasema liwe na ukomo uliopangwa kabla ya mkopaji kuingia dukani, likatwe katika faida na kamwe lisikatwe katika mtaji, na asiyemaliza la kwanza asipewe la pili, awe mjomba au askofu.

Wako pia mafundi. Mwenye chombo mara nyingi hajui jina la kifaa anachokihitaji. Ajuaye ni fundi, naye ndiye aamuaye mteja apelekwe duka lipi. Fundi hutazamia bakhshishi yake, na maduka mengi humpa kwa siri kwa kumpandishia mteja bei. Hadaa hii ina umri mfupi, kwa sababu mwenye bodaboda huulizana bei na wenzake stejini jioni ile ile. Afadhali bei iwe moja kwa kila mtu, na fundi apewe haki yake waziwazi kutoka katika faida ya duka, aruhusiwe na kurudisha kifaa kisichoingia maadamu hakijatiwa grisi. Fundi aliyetendewa insafu huleta kazi mwaka mzima.

Juu ya bidhaa za ghushi sitarefusha. Sheria ya kupambana nazo ipo tangu mwaka 2008, na boksi lenye chapa bandia halijatoweka. Kifaa cha bei nafuu kisichojifanya cha kampuni nyingine ni halali, na mteja aambiwe ndicho. Bali viatu vya breki vya uongo vikimwangusha abiria katika mteremko, duka la mji mdogo halina pa kujificha.

Limebaki la ushuru, ambalo wenye maduka hulikimbia badala ya kulisoma. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita shilingi milioni 1 na hayakuvuka milioni 25 hutozwa asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Ile seti ya cheni iliyouzwa 1,200 hutozwa shilingi 36, na faida ya 200 ikashuka ikawa 164. Maana yake, sheria humbana zaidi yule yule ambaye nimekuwa nikimsifu, auzaye kwa faida nyembamba na mzunguko wa haraka, na nadhani Bunge lingefanya insafu kulitazama tena jambo hilo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo humruhusu mtu kuiarifu Mamlaka ya Ushuru kwamba hataki mpango huu, atozwe kwa faida yake kama wafanyabiashara wengine. Ila kwa hilo lazima awe na hesabu safi za manunuzi na mauzo, na stakabadhi za eTIMS, yaani za mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka hiyo, kutoka kwa kila muuzaji wa jumla, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na stakabadhi hiyo haikubaliki katika hesabu ya kodi. Asiye na daftari hana hiari hiyo, na asilimia 3 yake ataitoa hata katika mwaka ambao viwanda vilisimama naye akauza kwa hasara.