Wati 1000 si kinga

Mwandishi aliyewashauri vijana wa Kisangani wenye kompyuta za michezo wanunue pawasaplai ya wati 1000 amewatia gharama bila kuwapa usalama.

Tuhesabu. Kadi ya picha ya RTX 3060 hula wati 170. Prosesa ya Ryzen 5 5600 kwa kawaida haivuki 76. Feni, diski na bodi mama, tuseme 50. Jumla haifiki 300. Pawasaplai ya wati 550 iliyotengenezwa vizuri inatosha na kubaki.

Neno zito ni hilo: iliyotengenezwa vizuri. Juzi nilishika kisanduku kimoja sokoni. Ubavuni kimeandikwa 600 kwa tarakimu nene. Nikakigeuza, nikasoma mstari wa volti 12, unaolisha kadi na prosesa: ampea 18. Zidisha: wati 216. Na mkononi kilikuwa chepesi kama mkate. Kijana aliyesimama kando yangu alikuwa ameshatoa dola zake. Nikamwonyesha namba, akazirudisha mfukoni.

Isitoshe, hapa kwetu adui mkubwa si upungufu wa wati. Mji unategemea bwawa la Tshopo, ambalo uwezo wake haufiki megawati 20. Umeme hukatika, hurudi kwa kishindo, jioni hulegea. Wati 1000 hazizuii hata moja kati ya hayo. Tafuta pawasaplai inayokubali volti 100 hadi 240, uweke stabilaiza nzuri mbele yake, na umeme ukikatika chomoa waya mpaka urudi na kutulia. Hiyo stabilaiza itanunuliwa kwa pesa ambazo mwandishi alitaka mzimwage kwenye wati zisizotumika.